Anayeanza Kijapani aandike hiragana siku hiyohiyo

Ubaoni kuna sentensi nne. Hajimemashite. Watashi wa Amina desu. Tanzania kara kimashita. Doozo yoroshiku onegai shimasu. Ya kwanza ni salamu ya watu wanaokutana kwa mara ya kwanza, ya pili inataja jina, ya tatu nchi anayotoka mtu, na ya nne ni ombi la kupokewa vizuri. Darasa linazinakili kwa herufi za A, B, C zilezile za kila siku, linazirudia kwa sauti, na kabla ya kipindi kwisha kila mwanafunzi anaweza kusimama na kujitambulisha. Kisha mwalimu anafungua kitabu, na sentensi zilezile zinatokea kama Wajapani wenyewe wanavyoziandika: はじめまして。わたしは… Darasa linanyamaza. Maneno waliyoyatamka dakika tano zilizopita, hakuna anayeweza kuyasoma.

Tatizo hili linatokana na mpangilio wa masomo. Kozi nyingi za wanaoanza hutenganisha mambo mawili: kwanza mwanafunzi azoeshwe kuongea kwa msaada wa herufi za Kilatini, ambazo Wajapani huziita romaji, halafu baada ya wiki kadhaa aletewe hiragana, yaani herufi za silabi ambazo mtoto wa Kijapani huanza nazo kusoma. Mpangilio huo unaweza kumfaa mwanafunzi wa London au Chicago. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili una hasara kubwa kuliko faida. Kwake yeye, kujitambulisha na kuandika hiragana ni somo moja, na lifundishwe siku moja.

Wanaojifunza na wanachotafuta

Kijapani kina wanafunzi wengi nje ya Japani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Hesabu iliyofanywa na taasisi ya Japan Foundation mwaka 2021 ilikuta takribani wanafunzi milioni 3.8 katika nchi na maeneo 141. Afrika Mashariki ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo, lakini ipo. Jijini Nairobi, vyuo vikuu vya USIU na Kenyatta hufundisha lugha hii. Kuna vijana wanaowania ufadhili wa serikali ya Japani, wakiwamo wanaotumia mpango wa ABE, ambao Japani iliutangaza mwaka 2013 katika TICAD, mkutano wake na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, kwa ajili ya kuwasomesha Waafrika shahada ya uzamili na kuwapeleka kwenye kampuni zake kwa mafunzo ya kazi. Kuna waongoza watalii, na kuna wafanyabiashara wa magari yaliyotumika wanaowasiliana na Japani kila wiki. Na tangu Aprili 2019 kuna njia nyingine: Japani ilianzisha kibali cha kazi kwa wageni wenye ujuzi maalumu katika fani kama uuguzi wa wazee, kilimo na ujenzi, na anayeomba kwa kawaida hutakiwa kufaulu mtihani wa lugha.

Kibali hicho kinaonyesha uzito wa suala lenyewe. Mtihani wa Kijapani unaofahamika zaidi duniani, JLPT, ulianza mwaka 1984 na tangu 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya chini kabisa hadi N1. Hata maswali ya N5 huandikwa kwa maandishi ya Kijapani. Aliyetumia miezi ya mwanzo akisoma romaji hukuta kwenye karatasi lugha anayoijua kwa sikio, lakini jicho lake haliitambui, naye hulazimika kuanza upya wakati wenzake wameshasonga mbele.

Sentensi nne, herufi 20

Tuzitazame sentensi za ubaoni kwa karibu, kwa maana ushahidi wa kwanza umo ndani yake. Hiragana ya leo ina herufi za msingi 46. Ukiacha jina la mtu na jina la nchi, sentensi hizo nne zina herufi za msingi 20 zilizo tofauti. Salamu ya kwanza peke yake inaleta は, し, め, ま na て. Sentensi ya jina inaongeza わ, た na す, ya nchi inaongeza か, ら na き. Sentensi ya ombi, iliyo ndefu kuliko zote, inaleta と, う, そ, よ, ろ, く, お, ね na い. Mwanafunzi akiandika あみな kwa Amina na たんざにあ kwa Tanzania anafikisha herufi 26, ambazo ni zaidi ya nusu ya hiragana yote, katika maneno ambayo angeyakariri kwa vyovyote vile.

Si idadi tu. Ndani ya maneno hayo mna kanuni kadhaa ambazo mwanafunzi atazihitaji. Vistari viwili vidogo vinavyowekwa juu kulia hugeuza し (shi) kuwa じ (ji), て (te) kuwa で (de), か (ka) kuwa が (ga). Katika doozo, neno la adabu linaloanza sentensi ya ombi, irabu ndefu ya o huonyeshwa kwa kuongeza う: どうぞ. Na katika sentensi ya jina mna jambo linalowatatiza wengi: kile kijineno wa kinachofuata watashi huandikwa は, herufi ambayo mahali pengine husomwa ha. Hilo ni salio la tahajia ya zamani ambalo mageuzi ya uandishi ya mwaka 1946 yaliamua kuliacha. Anayejifunza kwa romaji huandika wa na kwenda zake. Siku atakapokutana na は katika sentensi halisi atasoma ha, na kosa ambalo lingesahihishwa ndani ya dakika mbili siku ya kwanza litakuwa limeshaota mizizi.

> Sentensi nne za kujitambulisha zina herufi 20 kati ya 46 za hiragana. Anayezikariri bila kuziandika ameacha karibu nusu ya kazi mezani.

Herufi 46 si nyingi. Zamani zilikuwa nyingi mno, kwa kuwa sauti moja ilikuwa na maumbo kadhaa, yote yakiwa yametokana na herufi za Kichina zilizoandikwa kwa mkono wa haraka hadi zikalainika: あ imetoka katika 安, い katika 以. Mwandiko huu ulikomaa kati ya karne ya 9 na ya 10, na wanawake wa kasri ya mfalme walikuwa mstari wa mbele kuutumia. Mwanzoni mwa karne ya 11 mmoja wao, Murasaki Shikibu, aliutumia kuandika Genji Monogatari, mojawapo ya hadithi ndefu za kale zinazoheshimiwa zaidi duniani. Mwaka 1900 serikali iliagiza shule zifundishe umbo moja kwa kila sauti, na mwaka 1946 herufi mbili zilizobaki bila kazi ziliondolewa. Mgeni wa leo anapokea mfumo uliokwisha kupunguzwa na kunyooshwa.

Sikio la Kiswahili

Ushahidi wa pili uko kwetu wenyewe. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na mzungumzaji wa Kiswahili anazo zote tano. Vitabu vya Kijapani vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa kadhaa kumweleza msomaji kwamba a itamkwe kama katika neno fulani la Kiingereza, na o isivutwe kuelekea u. Mtoto wa darasa la kwanza wa Tanga au Kisumu hahitaji hata mstari mmoja wa maelezo hayo. Zaidi ya hapo, silabi ya Kijapani ni konsonanti inayofuatwa na irabu, ka, ki, ku, ke, ko, na sisi tumesoma hivyohivyo: ba, be, bi, bo, bu. Hiragana huandika silabi nzima kwa herufi moja, na silabi ndiyo njia ambayo shule zetu za msingi zimeitumia kwa miongo mingi kufundisha kusoma. Mwalimu anayeandika か、き、く、け、こ ubaoni anafanya kazi ambayo darasa lilishaifanya likiwa na umri wa miaka saba.

Ulinganifu huu unakwenda mbali zaidi. Herufi ん, ambayo ni n inayosimama peke yake na kuhesabiwa kama pigo moja la sauti, huwasumbua Wazungu wengi. Sisi tunasema nchi na nne, na katika mtu tunaipa m pigo lake. Michanganyiko inayoandikwa kwa herufi kubwa na ndogo, kama ちゃ (cha), しゃ (sha), にょ (nyo) na ぴゃ (pya), imo katika chakula, shamba, nyota na mpya. Palipo pagumu ni pachache: つ (tsu) haina mwenzake katika Kiswahili, ふ hutamkwa kwa midomo miwili bila meno kugusa mdomo wa chini, na r ya Kijapani iko karibu na l, kwa hiyo wanaochanganya sauti hizo mbili huku kwetu wanahitaji mazoezi ya ziada.

Haya yote hupotea Kijapani kinapofundishwa kwa kupitia romaji na Kiingereza. Mfumo wa romaji uliozoeleka zaidi, unaoitwa Hepburn, umepewa jina la mmisionari Mmarekani, James Curtis Hepburn, aliyechapisha kamusi yake mwaka 1867, na konsonanti zake ziliandikwa kwa kufuata masikio ya wasemaji wa Kiingereza. Si mfumo pekee. Mwaka 1954 serikali ya Japani iliidhinisha mwingine, ambamo し huandikwa si badala ya shi, na つ huandikwa tu badala ya tsu. Mwanafunzi anayetumia vitabu viwili tofauti anaweza kukuta neno moja limeandikwa kwa njia mbili. Hiragana ya し ni moja kuanzia Hokkaido hadi Okinawa.

Ono si Oono

Hata hivyo, kukaribiana kwa sauti kuna mtego wake, na anayewaambia wanafunzi kwamba Kijapani ni kama Kiswahili tu anawapotosha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu yenye mkazo hurefuka kidogo. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo: kila pigo hupewa muda uleule, na urefu wa irabu hubadili maana. Yuki ni theluji, yuuki ni ujasiri. Shujin ni mume, shuujin ni mfungwa. Ono na Oono ni koo mbili tofauti, ingawa katika pasi za kusafiria za Japani majina yote mawili kwa kawaida huandikwa ONO. Mswahili akisoma Yuki kwa mkazo wake wa kawaida, yu inarefuka na neno linaelekea kuwa jingine. Katika kujitambulisha, ambako jambo la kwanza unalofanya ni kusikia jina la mwenzako na kulirudia kwa heshima, kosa hilo si dogo.

Hapa ndipo romaji inapomwangusha mwanafunzi. Mara nyingi haionyeshi urefu kabisa: tunaandika Tokyo na Osaka, ilhali hiragana ni とうきょう na おおさか, na irabu ndefu zinaonekana wazi. Kiswahili kwa desturi yake kinaelewa umuhimu wa jambo hili, maana kufa na kufaa tunazitofautisha kwa kuandika irabu mara mbili, na hakuna anayeona kwamba ni urembo wa bure. Pwani yetu ina ushahidi wa kale zaidi. Kiswahili kilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu, yenye alama tatu tu za irabu, i na e ziliweza kuandikwa sawasawa, vivyo hivyo u na o, na msomaji alilazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Ndiyo maana wataalamu kama Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa walihangaika kupendekeza alama za ziada. Hati inayoficha sauti humwelemea zaidi yule asiyeijua lugha, naye ndiye mwanafunzi wetu.

> Kwa romaji ya kawaida, Ono na Oono ni jina moja. Kwa hiragana, おの na おおの hazichanganyiki.

Kuna jambo ambalo hiragana nayo hailionyeshi. Katika hajimemashite na kimashita, mkazo wa Kiswahili huangukia kwenye shi, na shi hiyo ndiyo silabi ambayo Mjapani huinong'ona hadi i inakaribia kupotea. Ndivyo ilivyo pia kwa u ya desu. Hilo hufundishwa kwa sikio, kwa kumsikiliza msemaji na kumwigiza, na hakuna mwandiko utakaochukua nafasi ya mwalimu.

Muda, simu na kanji

Wanaotaka kuongea kutangulie wana hoja zao, na hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni muda. Mwongoza watalii anayepokea wageni mwezi ujao anahitaji maneno mdomoni, na kumkalisha na daftari ni kumchelewesha. Ni kweli kwa mtu mwenye wiki mbili tu asiyekusudia kuendelea, na huyo apewe sentensi zake akafanye kazi. Lakini wengi wanaojiandikisha darasani hawako hivyo. Wanalenga mtihani, masomo au ajira, na kwao herufi 46 ni kazi ya wiki chache za mazoezi ya kila siku. Kuziahirisha hakupunguzi kazi hiyo. Kunaongeza nyingine, ya kusahau romaji.

Hoja ya pili ni ya teknolojia: simu hutafsiri maandishi kwa kuelekezewa kamera, na Wajapani wengi wenyewe huandika kwenye kompyuta kwa kubofya herufi za Kilatini. Hilo la pili lina ukweli, ila linathibitisha kinyume chake. Ili kompyuta itoe とうきょう lazima ubofye t-o-u-k-y-o-u, yaani uijue hiragana ya neno kwanza. Anayebofya tokyo anapata ときょ, ambalo si jina la mji wowote. Kamera ya simu inasaidia kusoma tangazo ukutani. Haikusaidii unapopewa fomu ofisini yenye kisanduku kilichoandikwa ふりがな juu ya sehemu ya jina, kikikutaka uandike jinsi jina lako linavyotamkwa.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Maandishi halisi ya Japani yana kanji, herufi za asili ya Kichina, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 2,136. Vilevile majina ya wageni huandikwa kwa katakana, seti nyingine ya silabi: Amina kwa usahihi ni アミナ. Je, hiragana peke yake inafungua nini? Inafungua zaidi ya inavyodhaniwa. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, ilionekana kwamba wageni wengi walikosa taarifa kwa kuwa matangazo yalikuwa magumu, na wataalamu wa lugha wakaanza kutengeneza Kijapani chepesi, chenye sentensi fupi na hiragana juu ya kila kanji. Mwaka 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuandika kwa mtindo huo katika huduma kwa wageni. Tetemeko la Noto lilipotokea Januari 1, 2024, shirika la utangazaji NHK liliweka kwenye skrini maandishi makubwa ya hiragana yakiwataka watu wakimbie tsunami. Aliyejua hiragana tu aliweza kuyasoma. Kanji zitakuja, na zikija mwanafunzi atazisoma kwa msaada wa hiragana ndogo zinazowekwa juu yake, kama wanafunzi wa Japani wanavyofanya.

Mkono nao ufundishwe

Kukubali hiragana siku ya kwanza hakutoshi kama itafundishwa kwa kutazama tu. Kila herufi ina idadi ya mistari na utaratibu wake. あ ina mistari mitatu: ule wa kulala kwanza, kisha wa kusimama, kisha mviringo unaokatiza yote miwili. は nayo ina mitatu: mstari wa kushoto unaoishia kwa ncha ndogo, mstari mfupi wa kulala, na wa kusimama unaofunga kwa kitanzi. Ongeza kamstari kamoja juu na imekuwa ほ. わ, れ na ね hutofautiana kwenye mkia tu, sawa na る na ろ. Anayejifunza kwa jicho huzichanganya kwa miezi. Anayeziandika kwa utaratibu wake huzitofautisha mapema, kwa kuwa mkono unakumbuka njia uliyopita.

Jambo moja linalosahaulika ni kwamba chapa za vitabu huunganisha sehemu za き na さ, ilhali kwa mkono mstari wa chini huachwa peke yake. Mwanafunzi anayenakili kutoka kwenye skrini huiga chapa, kwa hiyo mwalimu awaonyeshe umbo la mkono tangu mwanzo. Vifaa si tatizo. Wajapani hutumia karatasi za miraba, na daftari la hesabu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya shule hapa kwetu linatosha: mraba mmoja, herufi moja, pigo moja la sauti. どうぞ ikijaza miraba mitatu, mwanafunzi anaiona o ndefu kwa macho, naye haikati tena anapoitamka.

Kinachokosekana ni uamuzi. NHK, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa lugha yetu, na Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kwa Wajapani, kwa hiyo wataalamu wa pande zote mbili wapo. Walimu wa Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko waache kufundisha silabi za Kijapani kwa mifano ya Kiingereza wakati mifano ya Kiswahili iko karibu zaidi. Kama ni lazima herufi za Kilatini zitumike katika masomo ya mwanzo, ziwe za tahajia ya Kiswahili, yenye irabu mbili panapostahili: doozo, Tookyoo, Oono. Na wachapishaji wa vitabu vya shule, pamoja na ofisi za ubalozi wa Japani katika nchi zetu, watoe jambo moja dogo la kuanzia: chati ya herufi 46 yenye maelezo na mifano ya matamshi kwa Kiswahili. Inaenea ukurasa mmoja, na ibandikwe ukutani kabla ya mwanafunzi yeyote kufundishwa kusema hajimemashite.